Rasharasha Nyuma ya Dhoruba

Mwaka ule wa 1958, Desmond Allenby alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna kijana mwingine wa Grimsby, mji wa bandari huko Uingereza, aliyekuwa navyo: amplifaya yake mwenyewe, na sauti ya kuimbia ambayo ikianza kupanda, mbwa wa mtaa wa pili huinuka wakatafuta pengine pa kulala. Amplifaya alipewa na baba yake, muuza redio. Sauti haikujulikana kaitoa wapi, maana mama yake aliimba vizuri tu kanisani.

Norris Tasker aliitaka sana ile amplifaya. Shida ni kwamba vitu vile viwili vilikuja pamoja, na mwenyewe hakukubali kuvitenganisha.

Norris alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko nyama mwilini. Kazi yake ilikuwa kutundika samaki katika nyumba za moshi karibu na bandari, wanakoingia wakiwa weupe na kutoka wana rangi ya dhahabu. Moshi ule ulikuwa umemwingia hadi kwenye kucha. Hata akioga mara mbili, paka walimfuata. Alikuwa amejinyima mwaka mzima akanunua gitaa la umeme lililokwisha kupita mikononi mwa watu, na gitaa la umeme lisilo na amplifaya ni ubao wenye nyuzi. Kwa hiyo kila Jumatano jioni, kwenye ukumbi wa kanisa la Methodisti, alisimama nyuma ya Desmond, akapiga huku ameuma meno.

Pembeni yake walikuwapo ndugu wawili wa ukoo wa Blanchard, wa nyumba ya moshi hiyohiyo. Ivor, mkubwa, alianza muziki kwa kukwaruza ubao wa kufulia wa mama yake, hadi mama alipoudai ubao wake na yeye akalazimika kutafuta ngoma za kweli. Garth, mdogo, alipiga gitaa la pili. Ukimsikia Garth amesema sentensi nzima, ujue ana homa.

Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyekuwa na moyo wa kumwambia Desmond ukweli. Ubaya wa Desmond ni kwamba hakuwa na ubaya. Alikuwa kijana mzuri wa sura, nywele zinang'aa mafuta, mkarimu, asiye na kinyongo. Aliwanunulia wenzake chai. Aliwasaidia kubeba ngoma. Halafu anasimama mbele, anafumba macho, anafungua kinywa, na waumini wanaokunja viti upande wa pili wa ukumbi wanakumbuka kwamba wana shughuli nyumbani.

Mwezi wa Mei alikuja mtu kutoka London, Bwana Stoddart, mfupi, mnene, aliyevaa koti zito la sufu hata jua likiwaka. Alikuwa wakala wa waimbaji, na wakati huo alikuwa na mwimbaji mmoja tu aliyekuwa na maana: Rex Tempest, ambaye sahani yake ya santuri ilikuwa imepigwa redioni majira yote ya baridi. Tempest maana yake dhoruba. Mwenyewe alizaliwa akaitwa Cyril Mudge, lakini ukitaka akununie wiki nzima, mwite hivyo. Rex alikuwa amepangiwa kuimba kiangazi chote katika ukumbi wa starehe pale Cleethorpes, mji wa ufukweni ulioungana na Grimsby, na wapigaji wote wa London waliowahi kusafiri naye walikuwa wameapa kwamba hawarudii. Ndiyo maana Bwana Stoddart akaja kutafuta wapigaji wa hukohuko, ambao habari zilikuwa hazijawafikia.

Aliwasikiliza vijana pale kanisani, mikono mfukoni, uso umetulia kama sahani. Walipomaliza alimwita Norris nje.

"Nawachukua nyinyi watatu," akasema. "Yule anayelia, mwacheni."

"Nani analia?"

"Yule aliyesimama mbele."

"Yule anaimba, mzee."

Bwana Stoddart akamtazama kwa huruma. "Pole sana," akasema.

Norris alibaki pale mlangoni, furaha inamvuta huku na balaa inamvuta kule. Bila Desmond hakuna amplifaya. Bila amplifaya hakuna Cleethorpes, na bila Cleethorpes ni samaki, moshi na samaki mpaka azeeke. Akawachukua ndugu wa Blanchard wakaenda kula chipsi, na kabla chipsi hazijapoa alikuwa ameshapata njia. Mambo ya namna hiyo hayakumchelewesha Norris. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alidanganya kabla hajaota meno.

Amplifaya ile, akawaeleza, ina matundu mawili tu ya kuchomekea waya. Moja la gitaa lake, la pili la gitaa la Garth. Maiki ya Rex Tempest itakuwa ya ukumbi, imeunganishwa na mitambo ya ukumbi. Je, maiki ya Desmond itachomekwa wapi?

Ivor akafikiri. "Hakuna pa kuichomeka."

"Ndiyo hivyo," akasema Norris. "Tunamchukua Desmond. Sauti tunaiacha nyumbani."

Ivor akaacha kutafuna. Kila mmoja alikuwa anajiona mtu mbaya, na kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aseme ndiyo kwanza. Aliyesema ni Garth. Alisema, "Sawa," akavuta chipsi za kaka yake.

Bwana Stoddart alipoelezwa, alicheka mpaka akakohoa. Kijana mzuri amesimama jukwaani anafungua kinywa na hakitoki kitu: hilo halikumkera hata kidogo, alikwisha kulipa waimbaji wa aina hiyo. Ila akaonya kwamba siku atakaposikia hata mlio mmoja, wote wanne watarudi kwa samaki wao.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia Desmond. Norris alimkuta dukani kwa baba yake anafuta vumbi kwenye redio, akammwagia maneno. Akamwambia wakala amevutiwa mno naye, lakini nyota kama Rex Tempest hapendi ushindani, wajua tena watu wakubwa walivyo, kwa hiyo Desmond atakuwa sauti ya pili, asimame kando kidogo na maiki yake mwenyewe. Desmond alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza waya wa maiki hiyo utaelekea wapi.

"Nyuma ya pazia," akasema Norris. "Kwenye mitambo ya ukumbi."

"Aha," akasema Desmond, akaendelea kufuta vumbi. Kisha akasema kwamba maiki ataleta mwenyewe, baba yake ana moja nzuri sana.

Rex Tempest aliteremka kwenye treni siku mbili kabla ya onyesho la kwanza. Alikuwa kijana mdogo kuliko picha zake, na mwenye visigino virefu kuliko vya mama yake Norris. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba anasikia harufu ya samaki. Akaambiwa ni bahari. Akasogea karibu na Ivor, akanusa tena, akasema bahari hii imevaa shati.

Kitu cha pili kilikuwa jina. Vijana walikuwa wamejipanga. Kwa kuwa mwimbaji ni dhoruba, Ivor alipendekeza wao waitwe Radi. Rex akakataa. Norris akasema Ngurumo. Rex akakataa kwa sauti. Hakutaka jina lolote la kumfanya mtu atazame nyuma yake.

"Basi sisi tuwe nini, bwana?" Norris akauliza. "Wewe ni dhoruba. Sisi tuwe rasharasha?"

Alisema kwa kejeli. Lakini Rex alilionja lile neno, uso ukamchangamka. Kesho yake bango likabandikwa mbele ya ukumbi: jina la Rex Tempest kwa herufi nene kama milango, na chini yake, kwa herufi za kutazamwa kwa kuinama, *na The Drizzles*. Yaani Rasharasha. Mjini watu walivunjika mbavu. Mama yake Norris aliuliza kama ni bendi au utabiri wa hali ya hewa.

Maiki ya Desmond ilipofika, kila mtu aliisogelea. Baba yake alikuwa ameiagiza kwa ajili ya kupamba dirisha la duka. Ilikuwa kubwa kama ngumi mbili, ya fedha tupu, inang'aa mpaka unajiona uso. Kando yake maiki ya ukumbi, nyeusi, iliyochakaa, ilionekana kama kiazi kilichoungua. Norris akaichukua ncha ya waya wa ile maiki ya fedha, akaipitisha nyuma ya pazia na kuifunga kwa fundo zuri kwenye mkono wa ndoo ya mchanga wa kuzimia moto.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila jioni Rex aliimba mbele, Rasharasha walipiga nyuma, na Desmond aliimba kandokando kwa moyo wake wote, macho ameyafumba, mikono inaeleza kila neno, na sauti yake yote ikaishia kwenye ndoo. Ngoma za Ivor zilimeza kilichobaki.

Shida ilikuwa pazia. Ule ukumbi ulijengwa ukiuangalia Bahari ya Kaskazini, na upepo wake uliingia kwa kila tundu. Pazia likipeperushwa, ndoo ilionekana. Jioni ya kwanza Norris aliliona jambo hilo katikati ya wimbo. Bila kuacha kupiga, alienda kando hatua chache, akatupa mguu mbele kuukanyaga upindo wa pazia, akageuza mabega, akarudi. Garth, aliyekuwa amezoea kumfuata Norris katika kila jambo, alidhani ni mchezo mpya, naye akafanya vilevile. Upepo haukuacha, kwa hiyo na wao hawakuacha. Kufikia mwisho wa wiki walikuwa wanakwenda kando pamoja, wanatupa miguu pamoja, wanageuza mabega pamoja, na vijana wa Cleethorpes walikuwa wanafanya hivyohivyo barabarani wakisubiri basi. Bwana Stoddart aliwapongeza kwa ubunifu. Norris akapokea pongezi kwa unyenyekevu mkubwa.

Lakini wasichana hawakuja kwa ajili ya miguu. Walimjia Desmond. Sijui ni kwa sababu hawakumsikia, au ni kwa jinsi alivyokuwa anaikumbatia ile maiki ya fedha kama mtu aliyepata habari ya msiba. Walikaa upande wake wa ukumbi. Waliandika jina lake kwenye vioo kwa rangi za midomo. Baada ya onyesho walimngoja mlango wa nyuma, na Rex Tempest alipotoka walimpisha apite ili waone kama Desmond anakuja nyuma yake.

Miongoni mwao alikuwapo Avis Spurling, aliyekuwa akiuza chai na mandazi ukumbini. Huyo Norris alikuwa amemtupia macho tangu siku ya kwanza. Avis alikuwa na ulimi mkali na masikio makali zaidi, na siku moja alimpa Norris kikombe chake cha chai akasema, bila kuinua macho, kwamba ni ajabu, amesimama kila mahali ukumbini na hajawahi kusikia hata neno moja kutoka kwa yule mwenzao.

"Ana sauti laini," akasema Norris.

"Laini kama ya nani? Ya samaki?"

Norris alicheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. Avis akamwambia asiogope, yeye si mtu wa kusema ovyo. Ila akamwambia pia kwamba ni jambo baya kumfanyia mtu mwema namna ile, na akamnyima sukari. Tangu siku hiyo Norris alilala vibaya kidogo. Si vibaya sana. Kidogo.

Rex naye alikuwa hapati usingizi kabisa. Kijicho kilimkaba. Alijipima na Desmond kwenye kila kioo, na mwishowe akajiridhisha kwamba tofauti iko kwenye maiki. Yeye, nyota, anaimbia kiazi kilichoungua. Yule muuza redio ameshika fedha. Akamwendea Bwana Stoddart kudai wabadilishane. Stoddart, aliyejua kilichofungwa upande wa pili wa ile fedha, akapiga chenga, akasema mwanamume wa kweli huimbia maiki nyeusi. Rex hakuridhika.

Ikafika Jumatatu ya mapumziko ya Agosti. Treni zilimwaga watu kutoka Sheffield na Doncaster, ufukwe ukajaa, na onyesho la mchana likajaa mpaka watu wakasimama kwenye vijia. Baba yake Desmond alikuwa amefunga duka akaja na mkewe, wakakaa safu ya tatu. Pazia likafunguliwa. Rasharasha walikuwa tayari, Desmond kando, maiki inang'aa. Rex akaingia kwa mbio zake za kawaida, mikono juu, akaipita maiki nyeusi kama haioni, akaenda moja kwa moja kwa Desmond, akamsukuma kwa nyonga. Alitabasamu meno yote. Watu wakadhani ni sehemu ya onyesho, wakapiga makofi.

Norris aliliona lote na hakuweza kusema hata moja. Aseme nini, mbele ya ukumbi uliojaa? Akamtazama Ivor. Ivor, aliyekuwa ameshainua fimbo, hakuwa na pa kuzipeleka ila kwenye ngoma, na wimbo ukaanza.

Desmond, kwa adabu, alikuwa amehamia kwenye maiki nyeusi katikati ya jukwaa. Akaishika. Akageuka nyuma akamtazama Norris, na hapo akafanya kitu ambacho Norris hakukisahau maisha yake yote: akamkonyeza.

Kisha akaimba.

Mitambo ya ukumbi ule ilikuwa na nguvu. Sauti ya Desmond ilitoka kwenye spika zote kwa pamoja, ikapanda hadi kwenye dari, ikateremka kwenye safu za bei nafuu. Mtoto mmoja alianza kulia. Bibi mmoja wa safu ya mbele alishika kofia yake. Nyuso za wale wasichana waliokaa upande wake kiangazi chote zilibaki wazi, kama watu waliofungua zawadi wakakuta bata hai. Na Desmond hakupunguza. Aliimba kwa raha, kifua mbele, akakosea kila mahali panapoweza kukosewa, na kando yake Rex Tempest alikuwa anapasuka mishipa akiiambia ndoo ya mchanga kwamba anampenda, anampenda, anampenda.

Ilimchukua Rex ubeti mzima kutambua kwamba hajisikii. Akaigonga maiki ya fedha. Akaitikisa. Akaing'oa kwenye nguzo yake, akauvuta waya kwa hasira, waya ukakaza, akauvuta kwa mikono miwili na kisigino, na kutoka nyuma ya pazia ikaja ndoo. Ilikuja kwa heshima zake, nyekundu, inakwaruza mbao, mchanga unamwagika njia nzima, ikasimama miguuni mwa Rex katikati ya mwanga wa taa.

Watu wakanyoosha shingo. Halafu mtu mmoja wa Sheffield, huko juu, akaanza kucheka, na baada yake hakuna aliyeweza kujizuia. Watu waliinama, walishikana, waligonga viti. Rex aliirusha maiki chini akatoka jukwaani na visigino vyake. Desmond naye akaacha kuimba, akainama kuwashukuru watu, akaenda kukaa juu ya ndoo.

Sasa jukwaa halikuwa na mwimbaji. Norris alikuwa na hiari ya kutoroka, na miguu ilikuwa tayari. Lakini vidole vilikuwa bado vinapiga, Garth bado anapiga, Ivor anapiga kama anayepigania roho yake, na Norris aliona kwamba akiacha yeye, wote wataacha, na kicheko kitageuka kuwa kitu kibaya. Basi akauchukua ule wimbo kwenye nyuzi za juu za gitaa, pale mwimbaji alipotakiwa kuwapo, akaupiga wote. Ulipokwisha akaanza mwingine bila kupumua. Wakaenda kando, wakatupa miguu, wakageuza mabega, mchanga ukisagika chini ya viatu kama mdundo wa ziada. Vicheko vikapungua, makofi yakaanza, kisha watu wakawa wamesimama wanacheza kwenye vijia.

Walipoingia chumba cha nyuma hakuna aliyemtazama mwenzake. Rex alikuwa ameshaondoka kwenda kituoni, na nusu ya vipodozi bado viko usoni. Desmond alikaa kwenye kiti, akafungua tai. Norris alisimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na uongo wowote mkononi.

"Desmond," akasema, "ile ndoo niliifunga mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Norris, ndugu yangu, baba yangu anauza redio. Nilianza kuchomeka nyaya kabla sijajua kusoma. Wewe unadhani nisingeufuata waya wangu mwenyewe kuona unakwenda wapi? Siku ya kwanza kabisa niliufuata. Hata fundo lako lilikuwa baya, nililifunga upya."

Ivor akakaa chini. Norris akauliza, kwa sauti ndogo, kwa nini basi hakusema.

Desmond alichezea tai yake kidogo. "Sauti yangu naijua," akasema. "Baba alinirekodi nikiwa na miaka kumi na tano. Alizima mashine kabla wimbo haujaisha, akaniambia mkanda umekwisha. Niliuona mkanda, ulikuwa bado mwingi." Akatabasamu, lakini si sana. "Mimi sikutaka kusikika. Nilitaka kusimama pale mbele, basi. Nyinyi mkanipa pa kusimama. Ningewaambia mngeona aibu, mngeniondoa."

"Na leo? Mbona umeimba?"

"Leo alinisukuma," akasema Desmond.

Garth, aliyekuwa amejikunyata karibu na dirisha, akainuka, akaja akamshika Desmond bega. "Ulikuwa mbaya kweli," akasema, na kwa Garth hiyo ilikuwa hotuba. Desmond akaanza kucheka, na Norris akacheka, na macho yakamlowa akasingizia moshi, ingawa chumbani hapakuwa na moshi.

Bwana Stoddart alipofungua mlango walikuwa bado wanajifuta. Walijiandaa kufukuzwa. Alisimama na koti lake, akawatazama mmoja mmoja, akasema kwamba Rex amevunja mkataba na hamlaumu, na kwamba tangu aingie kazi hii ameona bendi zikikimbia kwa sababu ya mvua, yai bovu, hata nyuki. Hajawahi kuona bendi inayopigwa na ndoo na kuendelea. Ana msichana London, anaitwa Coral Finch, ana miaka kumi na saba na sauti ya kuamsha maiti, ila anaogopa jukwaa mpaka anatetemeka. Anahitaji watu nyuma yake wasiotetemeka. Atamleta kumalizia kiangazi.

"Wanne?" akauliza Norris.

Stoddart akamtazama Desmond muda mrefu. "Anajua kufanya kitu chochote kingine?"

Hapo ndipo Desmond alipofungua kinywa akasema kwamba kuna gitaa la besi la umeme limefika dukani kwa baba yake, lina nyuzi nne, hakuna mtu wa Grimsby anayejua ni la nini, na yeye amekuwa akilijaribu faraghani tangu Juni.

Kumbe mtu aliyesimama kiangazi kizima ndani ya muziki bila kuugusa huwa ameusikiliza kuliko wote. Desmond hakuwahi kuukosa mdundo hata mara moja. Coral Finch alisema baadaye kwamba jioni zile za kwanza, alipokuwa anataka kukimbia, alikuwa anasikia lile besi chini ya miguu yake kama sakafu ya pili, akabaki. Norris alifurahi kwa ajili ya Desmond kwa moyo safi kabisa, mpaka alipowaona yeye na Avis Spurling wanakula aiskrimu ufukweni, wamefunikwa na koti moja. Akaenda nyumba ya moshi akatundika samaki hadi giza.

Majira ya kuchipua walikwenda London kurekodi. Kazi ya mchana mmoja, kwenye chumba kilichofunikwa mablanketi ukutani. Norris aliruhusiwa kupiga katikati ya wimbo peke yake, na fundi wa mitambo, mtu asiyetabasamu, aliinua kidole gumba. Sahani ilipotoka, iliuzwa kuliko walivyotarajia. Waliisikia redioni jikoni kwa mama yake Norris, ambaye alizima bomba la maji ili asikie vizuri, akasema sasa angalau ile kelele ina kazi.

Siku moja walikuwa Lincoln kwa ajili ya onyesho, wakaingia duka la sahani kuiona ikiwa kwenye rafu. Norris akaitoa kwenye karatasi yake. Kwenye duara la katikati palikuwa na jina la wimbo, na jina la Coral Finch, na chini yake kwa herufi ndogo: pamoja na wapigaji. Jina la Rasharasha halikuwapo hata kwa herufi za kutazamwa kwa kuinama.

Ivor alichukua nyingine kana kwamba labda hiyo imekosewa. Ilikuwa hivyohivyo. Desmond akapapasa mfuko wa koti, akatoa kalamu ya wino, akaangalia huku na huku, akaandika chini ya yale maneno, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea kuandika vibao vya bei: The Drizzles. Akampa Norris kalamu. Norris akaandika jina lake. Garth akaandika la kwake, kubwa kuliko la Norris. Ivor na Desmond wakamalizia na ya kwao. Wakachukua sahani ya pili, ya tatu, wakapanga mstari, mmoja anatoa kwenye karatasi, wengine wanaandika, Ivor anapuliza wino ukauke.

Walikuwa wamefika mbali kwenye rafu wakati mama mwenye duka alipotokea nyuma yao, miwani imening'inia kifuani. Akauliza wanafanya nini na mali yake.

Norris akajiandaa kudanganya. Alikuwa tayari na maneno. Lakini Desmond alimtangulia, akasema ukweli wote kama ulivyo: wao ndio waliopiga, na walikuwa wamesahauliwa.

Mama yule akavaa miwani. Akalisoma lile duara, majina manne yaliyobanana, wino bado mbichi. Kisha akawatazama, na pua yake ikacheza kidogo, kama aliyenusa moshi wa samaki.

"Yupi kati yenu anapiga pale katikati?" akauliza. "Pale panapopanda?"

Norris akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Hilo ndilo linalonunuliwa," akasema. "Wanakuja hapa wananiimbia hilo, hawajui hata wimbo wenyewe unaitwaje." Akavuta kisanduku kilichokuwa chini ya meza, kimejaa sahani ambazo zilikuwa bado hazijapangwa, akakisukuma kwa mguu mpaka mbele yao. "Hizi nazo. Na andikeni wazi, watu wasome."